Kombe Lisilonywewa

Provo, Utah
8 Januari 2024

Kwa Baba yangu, Maalim Haroub, Ole, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mkono, Baba, ingawa kwa mbali, na naomba unisamehe kabla hujafika chini ya karatasi hii. Nilimwambia mdogo wangu Asya akwambie simu yangu mbovu. Si kweli. Simu ni nzima, mbovu ni mimi.

Sauti imenikimbia tangu Novemba. Ilianza kama mafua, nikajitibu kwa tangawizi na asali kama tunavyofanya nyumbani, ikawa mkwaruzo, na sasa ni upepo tu. Nikikuita kwenye simu utasikia kama mtu anafuta ubao. Ndiyo maana Ijumaa zote hizi zimepita bila ya kukusomea sura ya Alkahfi. Naisoma moyoni, lakini hakuna wa kunikosoa, na nahisi nasoma nusu.

Madaktari wamenipiga picha wakaona kivimbe shingoni, kwenye tezi, kimekaa juu ya mshipa unaoendesha sauti. Wanataka kukikata. Pengine sauti itarudi, pengine haitarudi, na kama ni kibaya au si kibaya watajua wakishakitoa. Waliniambia hayo kwa uso mkavu, mimi nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Nilikuwa nafikiria vipi nitakwambia wewe.

Usiniambie nirudi, Baba, maana ukiniambia nitarudi. Makaratasi yangu ya ukaazi bado hayajakaa sawa. Nikitoka sasa sitaruhusiwa kuingia tena, na matibabu yatakatika katikati.

Bado nakaa kwa Mzee Dallin, namwangalia mkewe, Bi Lorraine. Umri umemchukua akili, mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilikwambia ni watu wa dini lakini sikukwambia ni dini gani. Ni Wamormoni, karibu mtaa mzima. Ni aina ya Wakristo, wenyewe wana nabii wao na kitabu chao kingine juu ya Injili. Pombe hawanywi, na usishangae, hata chai na kahawa hawanywi. Jumapili ya mwanzo ya kila mwezi wanafunga, na chakula walichokiacha wanatoa thamani yake kwa maskini. Na wanaamini miujiza haikwisha na watu wa kale. Mgonjwa wao hutiwa tone la mafuta ya zaituni utosini, wanaume wawili wakamwekea mikono kichwani wakamwombea, na wengine hupona. Mzee Dallin ana kichupa cha mafuta hayo amekining'iniza pamoja na funguo za gari. Aliniambia kwamba utotoni alimwagikiwa na maji ya moto, babu yake akamwekea mikono, halikubaki hata kovu. Akakunja shati akanionyesha. Kweli halikuwapo. Lakini kovu ambalo halipo nitalijuaje, Baba?

Mimi nataka la kwetu. Niandikie kombe, nizioshe aya kwa maji ninywe. Ulikuwa ukiwaandikia watu wa Ole nzima, mimi nikikushikia sahani, na siku hizo sikudhani kwamba iko siku nitalitamani.

Mwanao,
Ummkulthum


Ole, Pemba
2 Februari 2024

Mwanangu Ummkulthum binti Mwanamize,

Wa alaykumu ssalaam. Nimekuita kwa jina la mama yako, Mungu amrehemu, kwa sababu barua hii ni ya dawa. Jina la baba ni la shule na pasipoti.

Yako nimeisoma mwenyewe, sikumpa Asya anisomee, na miwani niliivua zaidi ya mara moja kwa sababu ambazo si lazima uzijue. Kwa hiyo ulikuwa unanikimbia kwenye simu. Mie nilidhani umepata shughuli za watu wakubwa, ukamsahau mwalimu wako. Ijumaa zimekuwa ndefu, Ummu. Nawasha redio, huyo msomaji wao ana sauti nzuri, lakini hakosei popote, na mtu asiyekosea sina kazi naye.

Hao wasiokunywa chai wamenishinda. Asya kasema haiwezekani, lazima wanakunywa kwa siri. Ama hiyo miujiza, sina ugomvi nao. Mwenye kuponya ni Mmoja na hajachoka. Ninachokihofia ni kuwa ni watu wema. Mtu mbaya ungemkimbia, nisingekuwa na wasiwasi. Mtu mwema hukuweka karibu yake, ukakaa, ukasahau ulikuwa unakwenda wapi. Linda sala zako.

Kombe lako ndiyo hiyo karatasi iliyokunjwa ndani. Nimeandika kwa kalamu ya mwanzi na zafarani, karatasi nene isije ikavurugika. Itie kwenye bakuli jeupe, mimina maji ya kunywa, tikisa mpaka maandishi yatoke yote, unywe asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Usibakishe. Nia yako iwe safi, na ukishamaliza usikae kujisikiliza shingo kila dakika.

Hapa tumo kwenye karafuu. Zimeanikwa uwanja mzima, mpaka watoto wa chuo wanaokuja kusoma Kurani wanapita pembeni, na kila kitu kinanukia karafuu, hata misahafu. Asya amerudi moja kwa moja kutoka Wawi, anasema amekuja kuniangalia. Nimemwambia sina la kuangaliwa. Kakaa.

Nakuombea kila sala. Nikimaliza nakupulizia upande wa bahari, ingawa mwenyewe sijui kama upande huo ndio uliko.

Babako,
Haroub


Provo, Utah
26 Februari 2024

Baba yangu,

Assalaamu alaykum. Kombe limefika salama, halikupata hata unyevu. Nimelinywa kama ulivyoniagiza. Alhamdulillah.

Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika yanayofuata. Ningeweza kunyamaza, wewe usingejua. Lakini nikinyamaza kwa mdomo na kwa karatasi pia nitakuwa nimebaki na nini?

Siku madaktari waliponiambia kuwa kivimbe kimekua, nilikaa jikoni kwa Mzee Dallin nikalia. Kulia bila sauti ni kubaya, hujui kama umeshamaliza. Mzee aliingia kutafuta dawa za mkewe akanikuta. Akaniuliza kama ningependa aniombee kwa njia yao. Akasema hanilazimishi, na kwamba tone la mafuta halitanifanya Mmormoni. Nikamwandikia kwenye kibao changu cha kuzungumzia kwamba mimi ni Muislamu. Akajibu, anajua, ndiyo maana ameuliza kwanza.

Nikakubali, Baba.

Alimwita jirani yake, Mzee Boyd, mkulima wa matunda, maana kwao huwa wawili. Mtandio sikuvua. Mzee Boyd alitia tone la mafuta juu ya kitambaa, utosini, na doa lake mpaka leo halijatoka. Waliniuliza jina langu kamili, nikaandika Ummkulthum binti Mwanamize. Waliona taabu kulitamka, wakarudia mpaka wakalipata. Halafu wakaniwekea mikono kichwani, yote minne, juu ya mtandio, na Mzee Dallin akaomba kwa Kiingereza. Aliomba kwa jina la Yesu Kristo. Mimi moyoni nilisoma Fatiha, nikairudia, kwa kuogopa nisije nikawa mahali pasipo pangu.

Nataka nikwambie kitu kimoja, halafu ukasirike ukitaka. Mikono ile ilikuwa mizito na ina joto. Tangu siku ile niliyoondoka, pale bandarini Mkoani, uliponishika kichwa ukanisomea na kunipulizia mbele za watu, hakuna mtu aliyenigusa kichwa changu. Hakuna. Nilifumba macho nikaona ni wewe. Nilibaki vile vile nikiomba asimalize mapema.

Sauti haikurudi. Lakini siku hiyo nililala kama mtoto.

Nijibu, Baba. Hata kwa kunigombeza.

Ummkulthum


Provo, Utah
10 Mei 2024

Baba,

Assalaamu alaykum. Ramadhani imeingia na kutoka, Idi imepita, sijapata neno kutoka kwako. Nikimwandikia Asya kwenye simu ananijibu, "Baba hajambo, yuko chuoni," maneno hayo hayo kila mara, kama kakaririshwa.

Nimeshafahamu. Umekasirika na una haki. Nimeipitia barua yangu ile kichwani nikaona ilivyo: mwana wa mwalimu wa chuo, mikono ya wanaume wa watu, mafuta ya watu, jina la mama yake marehemu limetajwa kwenye jiko lisilo na hata chai. Ningekuwa mimi ningeichana.

Lakini usidhani kwamba nimehama. Bado naswali kwenye kijichumba changu, na Bi Lorraine huja akakaa kitandani kunitazama. Mzee Dallin amemwekea mikono mkewe huyu mara nyingi kuliko nywele zake. Hakupona. Juzi nilimuuliza mzee kwa kibao changu, vipi bado anaamini. Akasema kila siku anaomba mkewe amwite kwa jina lake, na kila siku mkewe anamwita bwana mgeni, anamkaribisha vizuri, anamuuliza ametoka mbali? Akasema, "Labda muujiza ni kwamba ananikaribisha." Kisha akaenda kuosha vyombo, na mimi nikabaki pale nakufikiria wewe.

Siku ya kukatwa imeshapangwa, tarehe ishirini Juni. Sauti nimekubali kuikosa kama ndivyo ilivyoandikwa. Radhi yako sikubali. Usiniache niingie kule ukiwa umeninunia.

Mwanao hata ukikasirika,
Ummkulthum


Ole, Pemba
27 Mei 2024

Dada Ummu,

Salaam alaykum. Kaa chini ndipo usome.

Baba hana hasira na wewe. Baba alianguka. Barua yako ya mafuta ilikuwa bado iko njiani. Alikuwa chuoni anamkosoa mtoto, akaegemea ukuta, akashuka nao mpaka chini. Kiharusi. Tulimkimbiza hospitali ya Chake, tukakaa, tukarudi. Mguu umerudi kiasi, anakwenda na fimbo. Kusema anasema vizuri, na unayajua maneno yake. Mkono wa kulia ndio umekufa, vidole vinajikunja tu.

Alinikataza nisikwambie. Kasema, "Yule ana shingo yake, usimpe na nkono wangu." Nami nikawa nakujibu kama kasuku na najichukia. Nilimsomea barua yako ya mwisho, ile ya kumwomba asikununie, ndipo akaniruhusu nikwambie kuanguka kwake.

Sasa nikueleze ya mafuta, maana najua ndiyo unayoyataka. Nilimsomea alipokwisha pata nguvu ya kukaa. Sikuruka hata neno. Alasiri ikaingia, tukasali. Baada ya sala akaniuliza, "Walimwekea nkono kitwani, au walimgusa tu?" Nikamwambia walimwekea. Akauliza, "Kwa upole?" Nikamwambia ndivyo alivyoandika. Akageukia ukutani. Nilidhani kalala, nikainuka niende zangu jikoni, ndipo nikamsikia.

"Basi yuko ntu kamshika," alisema.

Nilikaa jikoni mpaka uji ukaungua.

Watu bado wanakuja kutaka makombe. Siku hizi naandika mimi, yeye amekaa pembeni ananitazama herufi kama nina miaka saba. Mwanzo walisitasita, mwanamke, lakini wanakunywa na mafua yao yanapona kama kawaida. Lako wewe tu ndilo hakutaka niliandike. Nikamwambia basi andika kwa kushoto. Akanitazama, unajua vile anavyotazama. Maneno ya Mungu kwa kushoto! Basi ikawa kila siku baada ya alasiri namfunga kalamu ya mwanzi kwenye vidole vya kulia kwa kipande cha leso, nashika kiwiko chake, anaandika herufi mbili tatu, jasho linamtoka, tunafungua. Kesho yake tena. Zafarani ilikauka njiani mara nyingi nikaikoroga upya. Herufi zimepinda, nyingine kubwa nyingine ndogo, lakini zote ni zake, sikumwongoza hata moja. Limo humu, pamoja na barua aliyonisomea nikaandika. Nimeandika kama alivyosema, usinilaumu mimi.

Mdogo wako,
Asya


Ole, Pemba
27 Mei 2024
(kwa mkono wa Asya)

Mwanangu Ummkulthum binti Mwanamize,

Assalaamu alaykum. Nianze na ugomvi, halafu tuje kwenye mengine.

Uliniandikia umelinywa kombe la mwanzo. Hukulinywa. Siku ile nilitafuta marashi ya kukorogea zafarani nyumba nzima sikuyapata, nikaikoroga kwa maji ya karafuu aliyochemsha Asya, mazito. Aliyekunywa lile ulimi wake ungekufa ganzi mpaka adhuhuri, na wewe ninayekujua, usingeacha kunilalamikia. Wewe umeniambia "kama ulivyoniagiza, Alhamdulillah," basi. Nilijua pale pale Asya aliponisomea. Sikuumia kwa uongo, uongo wako haujapata kunishinda. Nimejiuliza kwa nini, na jibu nimelipata bila ya kutafuta sana, kwa kuwa mimi mwenyewe hapa nina daftari lako la chuo, la herufi zako za mwanzo, na mchwa nawafukuza.

Lakini dawa si picha ya kutundika, Ummu. Mwandiko wangu haukutibu kwa kuutazama. Ninalokuletea sasa Asya atakuwa ameshakueleza limeandikwa vipi, na nilimkataza asikueleze, kwa sababu najua utalitia kwenye kitabu na kulilalia. Usithubutu. Sikutoka jasho vile ili uwe na ukumbusho. Nywa yote mawili, na hili la pili unirudishie karatasi yake ikiwa tupu, niione kwa macho yangu. Ndipo nitajua umenisikia.

Sasa mafuta. Zaituni hajaiharimisha mtu. Maneno ya wazee wale mimi siwezi kuyapiga muhuri, na wao yangu hawatayapiga, tusidanganyane. Wanaume wa watu kukuwekea mikono, jambo hilo silipendi, nakwambia waziwazi, na usifanye mazoea. Lakini umesema walikuuliza kwanza, na walijifundisha jina la mama yako mpaka wakalipata. Mtu anayelihangaikia jina la mama yako huyo ana adabu. Muulize na yeye mama yake akiitwa nani. Nataka kumsomea, na mkewe pia, na bila ya jina la mama sijui nitampata wapi kwenye nchi kubwa kama hiyo.

Mimi nimeandikiwa haya yangu na nimeyapokea. Linalonitia uchungu ni hili: nilikuwa nasema ukija nitakushika kichwa, nikusomee, nimalize yote ya miaka hii. Sasa mkono wenyewe haupandi. Utabidi uje wewe uinamishe kichwa mpaka ulipo.

Radhi yangu unayo. Ulikuwa nayo hata kabla hujaandika.

Babako,
Haroub


Provo, Utah
3 Julai 2024

Baba yangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

La mwanzo nimelinywa siku ile ile nilipopata barua yenu. Umenishika. Ulimi ulikufa, na midomo nayo, nikawa natembea jikoni na mdomo usio wangu, nacheka na kulia, Bi Lorraine akacheka na mimi bila ya kujua tunacheka nini.

La pili, nisamehe, nilikaa nalo. Nilifuata kila herufi kwa kidole. Kuna lamu moja imeanguka mpaka mstari wa chini, nikajua hapo ulichoka. Kuna mimu nzuri kabisa, kama za zamani, nikajua siku hiyo uliamka vizuri. Nilijaribu kuipiga picha kwa simu nikaona ni hila tu ya kukuasi, nikaifuta. Siku ya kukatwa usile wala usinywe, walisema, kwa hiyo nikalinywa asubuhi ya siku ya kabla. Nilitoa bakuli jeupe. Mzee Dallin akaniona akauliza, nikamwandikia: baba yangu ameniandikia maneno ya Mungu kwa mkono uliokufa, na mimi inabidi niyafute niyanywe. Akavua kofia, akasimama pale pale mlangoni mpaka nikamaliza. Maandishi yalitoka pole pole, bismillahi ndiyo iliyotangulia. Kulikuwa na sekunde ambayo ningeweza kuitoa karatasi majini na ingebaki nusu. Nilizuia mkono. Nikanywa mpaka tone la mwisho, na nilihisi nimekuaga, na hilo sikulipenda.

Habari ya shingo sasa. Kivimbe kimetoka, na si kile tulichokuwa tunakihofia. Sauti imerudi nusu, nene, kama ya mvulana anayebaleghe. Daktari anasema ni kwa sababu alikata kwa uangalifu. Mzee Boyd anasema ni ile siku ya mafuta, ila ilichelewa. Mimi najua nilichokunywa. Mzee Dallin peke yake ndiye asiyegombea, amesema anashukuru tu, na anayeponya anajua mwenyewe alipitia wapi.

Mama yake Mzee Dallin akiitwa Ardella. Mama wa Bi Lorraine akiitwa Fern. Nilipomwambia mzee kwamba uko Pemba unataka kuwasomea, aliomba nimwandikie jina la mama yako kwenye kikaratasi. Sasa lipo kwenye mlango wa friji yao, Haroub bin Safaa. Kila Jumapili ya kufunga wanalitaja. Umesema hutapiga muhuri, basi usipige, lakini ujue unatajwa.

Karatasi yako hiyo hapa, ilitoka tupu kama ulivyotaka, imebaki umanjano kidogo pembeni. Ila nimeirudisha na kitu. Nimepata zafarani kwenye duka la Wairani, nimechonga kijiti, nimechemsha karafuu za dukani, huenda zilitoka uwanjani kwetu, nani ajuaye. Nimekuandikia kombe, Baba, juu ya karatasi ile ile. Asya aliangalie kama nimekosea. Itie kwenye bakuli jeupe, tikisa mpaka yatoke yote, nywa asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Usibakishe. Nia iwe safi. Kisha unirudishie karatasi.

Daktari ameniruhusu kusema kidogo kidogo. Ijumaa moja hivi, Inshaallah, simu italia.

Mwanao mwenye sauti ya mvulana,
Ummkulthum


Ole, Pemba
9 Agosti 2024

Dada Ummu,

Salaam alaykum. Sote wazima. Baba anakwenda na fimbo mpaka chuoni na kurudi, watoto wanamkimbilia kumpokea kikapu, na mkono uko vile vile.

Kombe lako limefika. Nimeliangalia, hukukosea pahala, ingawa kijiti chako kilikuwa kinene. Nikamtolea bakuli jeupe asubuhi yake, nikatia maji, nikamwendea. Akasema, kesho. Kesho yake akasema amekwishakula kipande cha muhogo, haifai. Siku nyingine akasema maji yana joto. Nikamwona namna anavyonitazama, kama watoto wa chuo wanapoulizwa nani kavunja mtungi. Analo chini ya mto. Alasiri analitoa, analitandaza juu ya paja, anapita juu yake kwa kidole cha kushoto, hagusi maandishi. Mchana ukiwa na upepo mwingi hulitia ndani ya msahafu asije akalipoteza.

Ijumaa ile ulipopiga, ukamsomea Alkahfi, uliniuliza baadaye kwa nini hakukukosoa hata pahala pamoja. Ulikosea, nilikusikia mie niliye jikoni, tena pahala pale pale pa siku zote. Simu nilimfungulia spika nikamwegemezea begani, karatasi yako iko mkono wa kushoto, na machozi yanashuka ndevuni wala hajifuti.

Juzi nikachoka nikamwambia, Baba, dawa si picha ya kutundika, maneno yako haya, niliyaandika mimi kwa mkono wangu huu. Akasema anayajua. Nikamwambia, basi nipe nikukorogee. Akaishika karatasi, akaiweka upande wa ukuta, nisipofika.

"Mwambie n'talinywa," alisema. "Siku atakayokuja kulikoroga mwenyewe."

Bakuli nimeliosha, nimelirudisha kabatini.

Mdogo wako,
Asya